Stephen Kleene: Aliyetupa ruwaza na kutuonyesha mwisho wake

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu mwanahisabati wa Kimarekani Stephen Cole Kleene afariki dunia, tarehe 25 Januari 1994, katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin. Wanaosomea kompyuta, kuanzia Dar es Salaam na Nairobi hadi Johannesburg, hukutana na jina lake mapema, likiwa limeambatana na alama ndogo ya nyota. Wasiosomea kompyuta hawamjui, ingawa mara nyingi fomu ya intaneti inapowaambia kwamba anwani ya barua pepe waliyoiandika haijakamilika, ni matunda ya kazi yake yanayosema nao.

Mimi nilimfahamu kwa bahati mbaya, nikiwa Marshalltown.

Kisa cha ritifaa

Marshalltown ni mtaa wa kale katikati ya Johannesburg, wenye majengo mazito ya mawe yaliyojengwa kwa fedha za dhahabu. Kwenye kona ya barabara za Rissik na Anderson ndipo Mohandas Gandhi alipokuwa na ofisi yake ya uwakili mwanzoni mwa karne ya 20. Wasomaji wengi walilisikia jina la mtaa huo kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 2023, moto ulipoteketeza jengo walimoishi watu wasio na uwezo na kuua zaidi ya watu 70, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Kisa changu ni cha kabla ya moto huo, na ni kidogo mno kikilinganishwa nao.

Mhariri aliyeikimbia nchi yake hufanya kazi anayoipata. Mimi niliipata katika ofisi ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la simu, ambako watu watano tuliendesha ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya Waafrika Mashariki waishio kusini mwa bara. Tuliandika habari za vibali vya kuishi, nauli za mabasi na, zaidi ya yote, matangazo ya misiba: nani amefariki, michango inakusanywa wapi, mwili unaondoka lini. Waliosoma matangazo hayo hawakuwa Johannesburg peke yake. Walikuwa Kasulu, Bujumbura na Bukavu, wakifungua ukurasa kwa simu na kifurushi cha pesa kidogo. Kwa ajili yao, kijana wetu wa mitambo alikuwa akipunguza uzito wa kila faili kabla ya kulipandisha kwenye seva.

Kupunguza uzito huko ni jambo rahisi kulieleza. JavaScript, lugha inayoendesha kurasa ndani ya kivinjari, huandikwa na binadamu kwa kuacha nafasi, mistari mitupu na maelezo ya pembeni ya kumkumbusha mwandishi alichokusudia. Mashine haihitaji lolote kati ya hayo. Ukiyaondoa, faili hupungua na msomaji wa Kasulu hulipia kidogo zaidi. Kijana wetu alikuwa ameandika mistari kama 20 ya kufanya kazi hiyo kwa kutumia semi za ruwaza, ambazo wenyewe huziita rejeksi. Usemi wa ruwaza ni maelezo mafupi ya umbo la maandishi yanayotafutwa. Kwa mfano, mikwaju miwili na chochote kinachofuata hadi mwisho wa mstari. Kila kilicholingana na umbo hilo kilihesabiwa kuwa maelezo ya pembeni, kikafutwa.

Ijumaa moja tuliongeza safu mpya tuliyoiita Habari za Ng'ambo. Jioni hiyo ukurasa mzima ukawa mweupe.

Chanzo kilikuwa ritifaa, ile alama ndogo inayokaa katika ng'ambo, ng'ombe na ng'oa. Katika JavaScript, alama iyo hiyo hufungua na kufunga maandishi. Mwandishi wa programu akitaka kuitumia ndani ya neno, huitanguliza kwa mkwaju wa nyuma, kana kwamba anakiambia kivinjari kisiihesabu. Ruwaza ya kijana wetu haikuijua desturi hiyo. Ilipofika kwenye ritifaa ya ng'ambo ilidhani maandishi yamekwisha, na kuanzia hapo ikaona ndani kuwa nje na nje kuwa ndani. Mbele kidogo ikakutana na anwani ya intaneti, yenye mikwaju miwili kama zilivyo anwani zote. Ikaichukulia kuwa maelezo ya pembeni, ikaikata katikati. Kwa siku mbili familia moja huko nyumbani haikuweza kusoma saa ya kuwasili kwa mwili wa ndugu yao. Walipiga simu ofisini. Niliipokea mimi, na sikuwa na jibu la kuwapa ila pole.

Jumatatu kijana aliifundisha ruwaza yake habari ya mkwaju wa nyuma, na ukurasa ukarudi. Baada ya wiki tatu ukawa mweupe tena. Safari hii kila ruwaza aliyoiongeza ilivunja kilichokuwa kizima. Usiku wa pili aliacha kuandika, akavuta kitabu chake cha chuo kutoka kwenye mkoba na kunionyesha jina ambalo sikuwahi kulisikia.

Mwana wa mchumi na mshairi

Kleene alizaliwa tarehe 5 Januari 1909 mjini Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake, Gustav Adolph Kleene, alikuwa profesa wa uchumi. Mama yake, Alice Cole, alikuwa mshairi. Jina la ukoo alilitamka Klei-ni, ingawa wengi hadi leo hulitamka Klini, na hata katika familia yake ilidhaniwa kuwa matamshi hayo aliyabuni yeye mwenyewe.

Nyumba ya moyo wake haikuwa Hartford bali shamba la familia katika jimbo la Maine, ambako alirudi tena na tena maisha yake yote. Alipenda misitu, milima na wadudu. Namna moja ya kipepeo ilipewa jina lake. Uzeeni aliendelea kupanda milima, na waliomfahamu walimkumbuka kama mtu mrefu, mwenye sauti kubwa na miguu isiyochoka.

Alipata shahada ya kwanza katika chuo cha Amherst mwaka 1930, kisha akaenda Princeton kusoma chini ya Alonzo Church, mwanamantiki aliyekuwa akijenga mfumo mpya wa kuandika hesabu zote kwa lugha ya vitendo peke yake, bila namba wala vitu vingine vya kuanzia. Vitendo hivyo viliandikwa kwa herufi ya Kigiriki, lamda. Ilikuwa rahisi katika mfumo huo kuongeza moja kwenye namba. Kupunguza moja kulimshinda Church mwenyewe, naye akaanza kuamini kwamba pengine haiwezekani. Kleene alipata jibu mwanzoni mwa mwaka 1932 akiwa kwa daktari wa meno. Sijui kama kuna uvumbuzi mwingine wa hisabati uliozaliwa katika kiti kama hicho, lakini huu aliusimulia mwenyewe miaka mingi baadaye.

Kijana huyo aliyemsaidia mwalimu wake alimpa pia habari mbaya. Pamoja na mwanafunzi mwenzake, Barkley Rosser, alithibitisha kwamba mfumo mkubwa wa Church ulikuwa na ukinzani ndani yake: uliruhusu kuthibitisha jambo na kinyume chake. Makala yao ilitoka mwaka 1935. Church hakuchukia. Aliokoa sehemu iliyokuwa salama, na sehemu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa mojawapo ya misingi ya lugha za kompyuta. Ninaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha tabia ya Kleene tangu ujanani. Alipopewa chombo, hakuridhika kuuliza kinafanya nini. Aliuliza pia kinashindwa wapi.

Mwaka 1935 aliajiriwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, na isipokuwa miaka michache, huko ndiko alikobaki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akifundisha uongozaji wa meli mjini New York, kisha akafanya kazi katika maabara ya jeshi hilo mjini Washington. Mwaka 1942 alimwoa Nancy Elliott, wakapata watoto wanne. Baada ya vita alirudi Madison, na mwaka 1952 akatoa kitabu chake cha misingi ya mantiki ya hisabati, kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi katika nchi nyingi.

Majira ya joto ya 1951

Kazi inayotuhusu hapa hakuifanyia Madison. Ilizaliwa Santa Monica, California, ambako Kleene alialikwa majira ya joto ya mwaka 1951 na shirika la utafiti la RAND, lililokuwa likihudumia jeshi la anga la Marekani. Huko alipewa makala ya mwaka 1943 ya Warren McCulloch na Walter Pitts, waliojaribu kueleza chembe za neva za ubongo kana kwamba ni swichi za umeme zinazowaka na kuzimika. Wao walisema kwamba mtandao wa swichi kama hizo unaweza kutambua mambo mengi. Kleene alitaka kujua ni mambo gani hasa.

Jibu lake linaweza kuelezwa kwa shanga. Chukua shanga nyekundu na za bluu. Unaruhusiwa mambo matatu tu unapoeleza mpangilio wa uzi. Unaweza kusema ama hii ama ile. Unaweza kusema hii kisha ile. Na unaweza kusema hii irudiwe mara yoyote, hata bila kuwapo kabisa. Jambo hilo la tatu, la kurudia, ndilo aliloliandikia nyota, na ndiyo maana hadi leo inaitwa nyota ya Kleene. Kwa mambo hayo matatu unaweza kueleza nyuzi nyingi ajabu: nyekundu na bluu zinazopishana, bluu tatu zikifuatwa na nyekundu yoyote, na kadhalika bila mwisho.

Kleene alithibitisha kwamba mtandao wowote wenye idadi maalumu ya swichi, yaani wenye kumbukumbu yenye kikomo, hutambua mipangilio inayoweza kuelezwa kwa njia hizo tatu, na si mingine. Kinyume chake pia ni kweli: kila mpangilio unaoelezeka hivyo unaweza kujengewa mtandao. Pande mbili zililingana kabisa, kama kifuniko na chungu chake. Katika waraka huo huo alionyesha kwamba yapo pia matukio yaliyo nje ya mzunguko huo, ambayo hakuna mtandao wa namna hiyo utakaoyatambua hata ukipewa swichi bilioni.

Waraka wa RAND ni wa Desemba 1951. Ulichapishwa rasmi mwaka 1956, katika kitabu kilichohaririwa na Claude Shannon na John McCarthy. Kleene aliyaita mambo hayo matukio ya kawaida, na hakulipenda sana jina hilo. Aliwaomba wasomaji wampendekezee lililo bora. Jina likabaki lilivyo.

Bawabu wa vidole kumi

Kikomo hicho kinaweza kueleweka bila hesabu. Fikiria bawabu wa mlango wa arusi ambaye hajui kuandika, hana kokoto wala kijiti, ana vidole kumi tu. Kila mgeni akiingia anakunja kidole, kila akitoka anakikunjua. Mwisho wa usiku anatakiwa aseme kama waliotoka ni sawa na walioingia. Kwa arusi ya watu wanane atafanya kazi safi. Akiingia mgeni wa kumi na moja, bawabu hana tena namna ya kutofautisha hali hii na nyingine aliyokwisha kuipita. Unaweza kumwongezea vidole. Bado itakuwapo arusi kubwa kuliko vidole vyake.

Mabano ya kufungua na kufunga ndiyo wageni hao. Kujua kama kila bano lililofunguliwa limefungwa, na lipi limefunga lipi, kunataka hesabu isiyo na kikomo, na mashine ya Kleene ina vidole vya idadi maalumu. Noam Chomsky alipozipanga lugha kwa ngazi katika miaka ya 1950, mabano yaliyo ndani ya mabano yaliwekwa ngazi ya juu ya ile ya Kleene. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott waliiweka nadharia ya mashine hizo katika umbo linalofundishwa hadi leo.

Hapa Johannesburg inaingia katika habari hii kwa mlango mwingine. Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928, alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilomita chache kaskazini mwa Marshalltown, akaondoka Afrika Kusini katika miaka ya 1950 akiwa mpinzani wa ubaguzi wa rangi. Wengi wanamkumbuka kwa kobe wake wa kuwafundishia watoto kompyuta. Lakini mwaka 1971, yeye na Robert McNaughton walitoa kitabu kizima kuhusu mashine ndogo zaidi ya zile za Kleene, zile ambazo haziwezi kuhesabu hata kwa zamu, kama vile kutofautisha shufwa na witiri. Sehemu yake kubwa inahusu ruwaza zinazoweza kuandikwa bila nyota. Kwa hiyo swali la nini kinahesabika na nini hakihesabiki lilikuwa limeshughulikiwa na mtu aliyesoma karibu na ofisi yetu, miongo kadhaa kabla ya ukurasa wetu kuwa mweupe.

Kutoka karatasi hadi mashine

Kleene mwenyewe hakuandika programu zilizomfanya awe maarufu. Mwaka 1968 Ken Thompson, mhandisi wa Kimarekani, alichapisha njia ya kugeuza semi za Kleene kuwa msimbo wa kutafutia maandishi. Kutoka hapo ziliingia katika vihariri vya maandishi na, mwaka 1973, katika programu ya kutafutia inayoitwa grep, iliyo maarufu kwa watumiaji wa Unix. Nyota iliyoandikwa kwa ajili ya chembe za ubongo ikawa inatumika kutafuta majina katika orodha.

Wakati huo Kleene alikuwa na shughuli nyingine. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1974 alikuwa mkuu wa kitivo cha fasihi na sayansi huko Wisconsin, miaka ambayo chuo hicho kilichemka kwa maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1970 bomu lililolenga kituo cha hisabati cha jeshi lililipua jengo la Sterling Hall na kumuua mtafiti wa fizikia. Mwaka huo huo Nancy alifariki. Kleene alimaliza muda wake, akaoa tena mwaka 1978, akastaafu mwaka 1979. Mwaka 1990 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Alipofariki mwaka 1994 JavaScript haikuwapo. Ilitengenezwa mwezi Mei 1995 na Brendan Eich, katika kampuni ya Netscape, kwa siku kumi hivi. Eich alikuwa ameajiriwa kwa matumaini ya kuingiza katika kivinjari lugha iitwayo Scheme, mjukuu wa lamda ya Church, na alama za ukoo huo zimebaki: katika JavaScript kitendo kinaweza kupokezwa kutoka mkono hadi mkono kama kitu kingine chochote. Miaka michache baadaye semi za ruwaza ziliingizwa ndani ya lugha yenyewe, na kiwango rasmi cha Desemba 1999 kikazithibitisha. Hivyo kazi mbili za ujana na utu uzima wa Kleene zikakutana katika lugha ambayo hakuiona.

Zikakutana pia kwa ugomvi, na sababu ni mkwaju.

Mkwaju wenye maana mbili

Kiswahili kina neno kaa. Peke yake halisemi kama ni mnyama wa ufukweni, ni la moto jikoni, au ni amri ya kuketi. Msomaji huamua kwa kuangalia yaliyotangulia, na mara nyingi neno moja la nyuma linatosha. Mkwaju katika JavaScript ni wa namna hiyo. Kati ya namba mbili ni alama ya kugawanya. Baada ya alama ya sawasawa au mkato, hufungua usemi wa ruwaza, na kila kilicho kati yake na mkwaju wa pili ni ruwaza, hata kama ni ritifaa. Mtu anayetaka kupunguza uzito wa faili lazima ajue ni mkwaju upi ameukuta. Akikosea, atadhani ritifaa iliyo ndani ya ruwaza inafungua maandishi, na kila kitu baada yake kitakwenda kombo.

Ugumu wenyewe uko baada ya bano la kufunga. Ikiwa bano hilo linafunga hesabu, mkwaju unaolifuata ni wa kugawanya. Ikiwa linafunga sharti lililoanza kwa neno la ikiwa, mkwaju unaolifuata unafungua ruwaza. Herufi iliyotangulia ni ile ile katika hali zote mbili. Ili kujua, ni lazima urudi nyuma hadi kwenye bano lililofungua, ukipita mabano mengine yaliyo ndani yake, na mengine ndani ya hayo. Ni kazi ya bawabu, na ruwaza ina vidole vyake kumi.

Ndicho kilichotupata mara ya pili. Mmoja wetu alikuwa ameongeza sharti la kukagua kama jina la marehemu lina ritifaa, ili liandikwe sawasawa. Bano likafungwa, mkwaju ukafuata, ndani yake ritifaa. Programu ya kijana ikaona kugawanya pasipo na kugawanya.

Wala hakuwa peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Douglas Crockford alitoa JSMin, iliyosoma faili herufi kwa herufi na kuamua maana ya mkwaju kwa kutazama herufi iliyo nyuma yake. Dhana nzuri, lakini dhana. Mwaka 2004 Dean Edwards alitoa Packer, iliyotegemea semi za ruwaza waziwazi, nayo iliwataka waandishi wawe waangalifu kuweka nukta-mkato zao. Sababu ni kwamba JavaScript huruhusu mwisho wa mstari ufanye kazi ya nukta-mkato mahali fulani na si pengine. Ukiunganisha mistari bila kuielewa, sentensi mbili huwa moja. Miaka hiyo msomaji wa Afrika Mashariki alikuwa akitegemea setilaiti, kwa bei isiyosemeka. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu mwaka 2009. Kila baiti iliyookolewa ilikuwa na thamani, na si ajabu watu walivumilia dhana.

Zana zilizofuata ziliacha kubahatisha. YUI Compressor ya mwaka 2007, Closure Compiler ya Google ya mwaka 2009 na UglifyJS ya mwaka 2010 husoma kwanza programu nzima kwa sarufi yake, zikiyaweka mabano yaliyofunguliwa katika rundo kama sahani zilizopangwa, la juu likitoka kwanza. Zikishaielewa ndipo huiandika upya kwa ufupi. Ndani yake ruwaza za Kleene bado zinatumika, kwa kazi zinazoiweza: kutambua namba, jina, au maandishi yaliyofungwa vizuri pamoja na ritifaa yenye mkwaju wa nyuma. Kosa letu la kwanza lilikuwa ndani ya uwezo huo, ndiyo maana lilirekebishika. La pili lilikuwa nje.

Yapo mabishano, na ni haki kuyataja. Semi za ruwaza za leo zimeongezewa mambo ambayo Kleene hakuyaweka, kama vile kukumbuka neno lililopita na kudai lirudiwe, na katika baadhi ya lugha hata kujiita zenyewe ili kufuata mabano. Zile za JavaScript hazina hilo la mwisho. Wengine husema pia kwamba faili halisi halina mabano elfu moja ndani ya mabano, kwa hiyo ruwaza ya kina cha kumi inatosha. Inatosha mpaka siku ya kina cha kumi na moja, na ruwaza yenyewe huwa ndefu kiasi kwamba aliyeiandika haisomi tena. Binafsi, baada ya miaka 30 ya kupunguza makala za wengine kwa kalamu nyekundu, sikushangaa sana. Nimewaona wahariri wanaokata kila aya ya tatu bila kusoma, nimeona na walichokiacha.

Kijana wetu aliifuta mistari yake yote usiku ule na kuweka mojawapo ya zana zinazosoma sarufi. Faili lilitoka dogo kuliko lilivyokuwa kabla ya kuharibika, kwa sababu zana hiyo ilijua pia kufupisha majina ya ndani bila kuyachanganya. Saa nane usiku tulipandisha ukurasa. Tangazo la kwanza kuonekana lilikuwa la mzee wa Kigoma aliyefia hospitalini Johannesburg, na jina lake lilikuwa na ritifaa mahali pake.